Birmingham Mbili, Shikamoo Moja

Sparkbrook, Birmingham
12 Januari 2025

Mwanangu Asmahan,

Asalaam aleikum. Nikikuuliza hali nataka unijibu kweli, si kama unavyowajibu wagonjwa wako wodini. Miye nipo. Goti la kulia limekataa ngazi, la kushoto linamfuata mwenzake. Luul wa mlango wa pili kapata mjukuu wa kiume, kaniletea sinia la halua, nimekula siku tatu. Balwinder wa duka la mboga kaniuliza binti yangu anarudi lini. Nikamwambia yuko Birmingham. Akacheka mpaka akaegemea mizani. Na Unguja ndiyo balaa: nikisema Asmahan yuko Birmingham, wanasema alhamdulillahi, kesharudi kwa mama yake. Nimechoka kuwaeleza kwamba Birmingham ziko mbili, na mwanangu kaichagua ile isiyokuwa na mimi.

Umenikataza nisikupigie simu. Umesema nikipiga nalia, nikilia unalegea, na safari hii hutaki kulegea. Haya, naandika. Skuli niliishia darasa la nne, unajua, basi makosa ya herufi nisamehe. Bahasha ananiandikia Hibo, binti wa Luul, kwa sababu ya hayo maneno marefu ya huko Marekani na tarakimu za mwisho.

Sasa jambo lenyewe. Nimekwenda Acocks Green kwa ami yako Mkubwa kama ulivyotaka. Baba yako kaondoka duniani, babu zako wamekwisha, kaka huna; walii wa kukuoza ni yeye. Nimemwambia kijana anaitwa Lamar, anasomesha historia, kazaliwa ndani ya Uislamu, anampenda mtoto wetu. Alinisikiliza vizuri. Mkewe, Bi Rukiya, kaleta mkate wa kumimina. Halafu ami yako akasema neno moja: "Si kufu yake."

Nikamuuliza, una maana gani shemegi?

Akasema, "Mwanamize, maana yake unaijua."

Basi nikamaliza mkate wangu, nikaaga.

Mwanangu, wanaume hawajesha. Hapo Alum Rock yuko Yasir, ana duka la mazulia, kaachana na mkewe lakini wanasema si kosa lake. Sikulazimishi. Nasema tu yupo.

Vaa soksi. Mama yako anayekutaja kila sijda,
Mwanamize


Birmingham, Alabama
9 Februari 2025

Mama, shikamoo.

Mpe Luul hongera. Yasir wa mazulia mwachie mama yake. Mimi nafanya kazi siku nne kwa wiki, masaa kumi na mawili kila siku, na soksi navaa. Wagonjwa wangu wengi ni wazee. Wakisikia natoka Birmingham wanasema, "Na sisi pia, mwanangu."

Nimelitafuta hilo neno, kufu. Nimeambiwa ni kulingana, mume asiwe chini ya mke. Sijaelewa Lamar yuko chini ya nini. Ana digrii mbili. Mimi nina moja na deni la gari.

Nataka umjue bibi yake. Anaitwa Earline Tolliver, ana miaka sabini na nne, amemlea Lamar tangu mama yake alipofariki. Siku ya kwanza nilimwita Earline, kama tunavyoitana kazini. Alinitazama, akasema: "Mtoto mzuri, mama yangu aliwapikia wazungu miaka ishirini. Watoto wa nyumba ile, hata wa miaka mitano, walimwita kwa jina lake kama wanamwita paka, na yeye akawaita bwana na bibi. Mimi humu ndani ni Bibi Tolliver."

Niliona haya. Nikamweleza kwamba kwetu mdogo humwambia mkubwa shikamoo. Akapenda sana. Nimemfundisha kuitika marahaba, anaivuta kama anaita kuku. Sasa nikiingia anatulia kwenye kiti chake, ananisubiri niseme.

Mama, imamu wa hapa anasema hivi. Walii akikataa bila sababu ya sheria, yeye anaweza kusimama mahali pake. Lakini akikataa kwa ajili ya kufu, imamu anataka kujua hiyo kufu ni ipi, na anataka kusikia kwa mama wa bibi harusi, kwa maandishi. Nikaha ni Jumamosi tarehe 31 Mei. Sikuombi uje, najua magoti na najua visa. Andika tu: ami ana sababu gani, na wewe mama yangu unasemaje.

Binti yako,
Asmahan


Sparkbrook, Birmingham
20 Machi 2025

Mwanangu Asmahan,

Asalaam aleikum, na Ramadhani yako Mungu aipokee. Kumi la mwisho ndilo hilo linaingia. Usiniulize kwa nini nimechelewa kujibu. Mwezi huu mtu anaamka, anapika, anasali, anapika. Ladypool Road jioni huwezi kupita, watu na sambusa zao. Hibo kafaulu mtihani wa kuendesha gari mara ya tano, mtaa mzima tumepiga vigelegele, kisha tukaziondoa gari zetu njiani.

Nilialikwa futari kwa ami yako. Walikuwapo watu kumi na wawili, watu wa Unguja watupu. Mmoja akauliza habari zako. Ami yako akajibu mbele ya wote: "Yule kijana ni mzao wa watumwa. Amerika nzima Asmahan hajaona mwengine? Mtoto wetu hatuwezi kumtia huko." Wakatikisa vichwa. Bi Rukiya akasema maskini, utadhani umekufa.

Mimi sikusema kitu. Nilikuwa namimina uji.

Unasema niandike nasemaje. Nisemeje mwanangu? Mimi hapa nina nani? Ni watu hawa hawa. Baba yako alipofariki ni ami yako aliyesimama msikitini, ni wao walionipikia siku saba. Nikiumwa ni wao, nikifa ni wao watakaonikosha. Wewe uko mbali, unaweza kuwa jasiri.

Yule bibi na habari ya mama yake kuwaita watoto bwana, nimeisoma mara mbili kisha nikaiweka chini ya Msahafu. Sikuipenda. Si kwamba ni uongo.

Hapa nimeandika mistari miwili nikaifuta kwa wino. Usiiweke kwenye taa.

Kula daku, usifunge na njaa ya jana.
Mama yako,
Mwanamize


Birmingham, Alabama
14 Aprili 2025

Mama, shikamoo.

Mungu akupokelee funga. Hongera kwa Hibo, na pole kwa mtaa.

Sikuandika mapema kwa sababu nilikuwa na hasira, na bado ninayo, kwa hiyo nitaandika polepole. Ami alisema mzao wa watumwa mbele ya watu kumi na wawili, na wewe ukamimina uji. Uji gani huo, Mama, usioweza kungoja?

Nikuambie huo uzao. Lamar ana makaratasi kwenye sanduku. Mwaka 1860 serikali ilipita kuhesabu watu, na watumwa waliandikwa chini ya jina la bwana wao, wao wenyewe bila majina: umri, mume au mke, rangi, basi. Chini ya bwana Tolliver yuko "mke, miaka 19". Bi Earline huweka kidole hapo na kusema, "Huyu ndiye." Miaka kumi baadaye, vita vimekwisha na watumwa wameachwa huru, anaonekana tena, sasa ana jina. Dinah. Mtoto wa Dinah, ndiye babu yake Bi Earline, alikamatwa barabarani kwa kosa la kutokuwa na kazi. Uhuru wenyewe ndio huo. Jela ikamkodisha kwa wenye machimbo ya makaa, hapa hapa, chini ya mji huu. Hakutoka.

Na Bi Earline mwenyewe, mwaka 1963, ana miaka kumi na mbili, alitoka skuli na wenzake kuandamana ili watu weusi wahesabiwe watu. Wakapigwa kwa mipira ya maji ya zimamoto, wakaachiwa mbwa. Alilala jela siku tano. Wale wazungu waliposikia, wakamfukuza mama yake kazi. Alipotolewa alijua nyumbani atapigwa. Mama yake akamkalisha jikoni, akamwambia, "Sasa niite Bibi Tolliver. Nataka kusikia linavyosikika."

Hao ndio ambao si kufu yangu. Kila baya lililowapata wanalijua na wameliandika. Sisi je? Nikiwa mdogo nikiuliza habari za bibi zangu, ulikuwa unaniambia nile.

Nimeiweka karatasi dirishani. Nimesoma "bibi yangu" na "mtoto mdogo". Mengine umeyazika vizuri.

Imamu bado anasubiri. Ikifika 31 Mei bila barua yako, nitajua pia kwamba hilo ndilo jibu.

Asmahan


Sparkbrook, Birmingham
2 Mei 2025

Asmahan,

Asalaam aleikum. Leo sina habari za Luul wala za goti. Na bahasha hii nitaiandika mwenyewe, naipeleka posta mwenyewe. Sitaki Hibo ashike barua hii, hata kwa nje.

Umeniuliza bibi zako. Haya, uliza tena, leo sikwambii ule.

Mama wa bibi yangu aliitwa Zafarani. Waliokuwa wakinunua watu Unguja walipenda kuwapa majina ya vitu vya kabatini: Almasi, Feruzi, Zafarani. Jina alilopewa na mama yake huko bara hakuna anayelijua. Huyo wenu alikuwa na umri bila jina. Wangu ana jina, lakini la dukani. Na waliomnunua ni watu wa nyumba ya baba yako.

Ndiyo. Soma tena.

Bibi yangu, Bi Faida, alizaliwa watu wameshapewa uhuru. Lakini aliendelea kufua katika nyumba ile ile, Malindi, kwa sababu uhuru haukuja na nyumba. Mimi nilikuwa nikifuatana naye, nina miaka saba. Mapinduzi yameshapita miaka mitatu, kila ukuta umeandikwa sote sawa. Bibi ana mvi kichwa kizima. Tukiingia uani tunamkuta mtoto wa nyumba anacheza gololi, miaka tisa. Bibi anatua furushi la nguo, anainama: "Shikamoo, bwana mdogo." Na yule mtoto, hata kichwa hainui: "Marahaba."

Kila Jumanne na kila Ijumaa. Nilimuuliza, bibi, si yeye ndiye akuamkie wewe? Akanifinya sikio. Akasema, "Ulimi umeshazoea, mwanangu, usiufundishe uzeeni."

Watu husema shikamoo ni nashika miguu yako. Mimi niliona ikishikwa.

Mtoto yule ni ami yako Mkubwa.

Sasa utauliza, ilikuwaje wakanioa? Baba yako alinipenda, hilo sitii shaka mpaka kaburini. Lakini mama yake aliridhia kwa jengine. Siku zile wao ndio walioogopa. Babu yako, baba yangu, alikuwa na kadi ya chama na alikuwa akijuana na watu wa pasi za kusafiria. Ndugu watatu wa nyumba ile walitoka nchini kwa mkono wake, Mkubwa mmoja wao. Usiku wa harusi mama mkwe akanivisha bangili, akaninong'oneza, "Zafarani aishie mlangoni." Nikaitika. Nilikuwa na miaka ishirini, nilidhani ni bei ndogo.

Kwa hiyo siku ile Mkubwa aliposema maana ya kufu naijua, alikuwa akinikumbusha mimi, si wewe.

Mpelekee imamu haya. Mwambie mama wa bibi harusi anasema: kama kitukuu wa Zafarani alikuwa kufu kwa mtoto wao walipotaka pasi, basi mzao wa Dinah ni kufu kwa mwanangu leo. Mwambie mimi nimeridhia. Mwambie nimeandika kwa mkono wangu na sikufuta mstari.

Mama yako,
Mwanamize wa Bi Faida wa Zafarani


Birmingham, Alabama
8 Juni 2025

Mama,

Asalaam aleikum. Idi njema.

Tumefunga nikaha tarehe 31 Mei, baada ya adhuhuri. Imamu alisimama kama walii. Kabla hajaanza aliniuliza, mbele ya watu, mama yako amesema nini? Nilikuwa nimekwenda kutazama sanduku la posta asubuhi ile, na nilikwenda tena nikiwa nimeshavaa, gauni nimelishika mkononi. Nikamjibu, "Mama hajasema kitu."

Bi Earline alikuwa amekaa kwenye kiti ulichopaswa kukaa wewe. Sikumwomba. Aliona kiko kitupu, akajikalisha.

Sina jengine. Natumai goti linaendelea vizuri.

Asmahan


Sparkbrook, Birmingham
24 Juni 2025

Mwanangu Asmahan,

Asalaam aleikum. Hongera, mwanangu. Mungu awatie baraka nyote wawili, mzeeke pamoja. Luul anakusalimu, kalia kwa furaha, kisha kalia kwa habari nyengine ambayo nitakwambia.

Barua yako ilifika Jumatatu. Niliposoma kwamba sikusema kitu, nilikasirika, nikasema mtoto huyu kawa mwongo, kanisoma kisha kanikana. Jumatano ikagongwa hodi. Postamani kanipa barua yangu mwenyewe, ya tarehe 2 Mei, imechoka pembe zote. Nyuma nilikuwa nimeandika anwani yangu. Mbele nimeandika jina lako, namba ya nyumba, mtaa, na Birmingham. Basi. Alabama sikuandika. Marekani sikuandika. Nimebandika stempu ya hapa hapa. Barua yako imezunguka wiki sita mji huu, inatafuta mtaa ambao haupo.

Posta haina kosa. Nimejiuliza kama ni mkono uliosahau au ni moyo. Sitakudanganya, sijui. Na simu ilikuwa ikikaa mapajani mwangu mwezi mzima. Nilisema amenikataza. Nilifurahi umenikataza.

Lakini mimi nilidhani umeshaisoma. Kwa hiyo siku ya Idi nilikwenda Acocks Green nikiwa nimejifunga kibwebwe. Sebule imejaa. Kila mwaka naingia nasema shikamoo shemegi, yeye anaitika, ndipo nakaa. Safari hii nikasema asalaam aleikum, nikakaa.

Akatabasamu. "Mwanamize! Shikamoo yangu umeisahau garini?"

Nikamwambia, "Zangu alikwishakupa bibi yangu. Ulikuwa unacheza gololi."

Wallahi Asmahan, sebule nzima ilinigeukia. Wenye umri walielewa pale pale, wenye ujana wakawatazama wakubwa wao. Nilitaraji atanifukuza. Hakunifukuza. Akazungusha kikombe chake, akasema kwa upole kabisa, "Mimi nilikuwa mtoto. Sikumlazimisha. Alikuwa akisema mwenyewe."

Nikamwambia, "Na wewe ulikuwa ukiitika mwenyewe."

Akasema, "Nasaba ni ya baba, Mwanamize. Asmahan ni wetu. Wewe tulikusitiri." Kisha akamgeukia mkewe akaomba tambi za Idi, na watu wakaanza kuzungumza habari ya maegesho ya magari. Ndivyo ilivyokwisha. Hakuna aliyenipa lifti. Nimerudi kwa mabasi mawili, na tangu siku ile simu ya kundi la familia haijalia. Hibo kaitazama, kasema nimetolewa.

Kwa hiyo nimesema mbele ya sebule nzima, isipokuwa mbele ya yule mmoja aliyekuwa akinihitaji, na wiki moja baada ya kunihitaji.

Ile barua naitia humu ndani kama ilivyorudi. Sikuifungua, sikuongeza neno. Mpelekee imamu ukitaka, ijapokuwa haina kazi tena. Au mpe Lamar aitie kwenye sanduku lao. Hapo kwenye mistari ya majina mpatieni Zafarani nafasi, hata pembeni.

Bahasha ya safari hii kaandika Hibo. Aliniuliza mbona ile nyengine sikumpa aiandike, nikamwambia sababu yote, tangu mwanzo, na Luul akasikia. Alabama kaiandika mara mbili.

Barua yako ya mwisho haikuwa na shikamoo. Nimeiona. Usinipe kwa mazoea, najua mazoea yanavyofanya. Isome kwanza hii ya ndani. Ukishaisoma, ukiona nastahili, niandikie. Ukiona sistahili, kaa nayo.

Mama yako,
Mwanamize